Dawa ya Kichwa kwa Mtu Asiyeumwa Kichwa

Nakumbuka mpaka harufu ya spiriti ya siku ile, mwanangu. Daktari alimchoma baba yangu kwa sindano ndogo kwenye ndewe ya sikio, nami nimesimama pembeni nimemshikia kofia yake, na muda mfupi baadaye nikasema uongo.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nina miaka ishirini na sita na ujuaji wa kupindukia. Tulitoka kisiwani Nosy Be, ambako baba alifanya kazi ya kukeneka mafuta ya manukato ya maua ya langilangi mpaka moyo ulipomwangusha. Alitibiwa mjini Mahajanga, akaandikiwa aspirini ndogo, kila siku, maisha yake yote. Sasa tulikuwa tumerudi huko baada ya nusu mwaka, kwa sababu kifua kilianza kumbana tena. Tulifikia mtaa wa Tanambao kwa shangazi, dada yake mkubwa, mama ambaye akikasirika aliacha Kimalagasi na kurudia Kingazija cha wazazi wake.

Daktari, mwanamke mpole, alifuta tone la damu kwa karatasi huku akitazama saa. Anayemeza aspirini, damu yake huchelewa kidogo kukatika. Ya baba ilikatika upesi.

"Mzee anameza kila siku?" aliniuliza.

Nikajibu bila kupepesa, "Kila asubuhi, baada ya chai." Baba akainamisha kichwa.

Uongo mtupu. Baba alikuwa mtu wa kutoa, na kutoa ni moyo, si utajiri. Mzee mwenzake akilalamika jino au goti pale msikitini, baba huingiza mkono mfukoni akampa kidonge. Nikimkumbusha chake, hunijibu, "Zaho tsy marary loha," yaani yeye haumwi kichwa. Kwetu aspirini ilikuwa dawa ya kichwa na homa. Kuimeza bila maumivu aliona ni kuwanyima wagonjwa. Yote hayo niliyajua. Lakini mtoto aliyelelewa akamuumbue baba yake mbele ya daktari? Nilijiona nina adabu kweli kweli.

Daktari aliniamini. Akatueleza kwamba wapo watu ambao aspirini haizitulizi chembe sahani zao, zile chembe za damu zinazokimbilia jeraha na kushikamana. Zikishikamana ndani ya mshipa wa moyo, huuziba. Kipimo kile si cha kutegemea peke yake, alisema, lakini kwa kuwa kifua kinambana, angemwanzishia dawa kali zaidi. Dawa hiyo huweza kuharibu damu, kwa hiyo baba asirudi Nosy Be, abaki apimwe mara kwa mara. Turudi kesho tuianze.

Jioni jirani alikuja kwa shangazi ameshika shavu. Baba akaingiza mkono mfukoni. Shangazi aliona, akanifuata jikoni.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua, shangazi. Nilimsitiri asiaibike."

"Ulimsitiri kwa nguo, au kwa sanda?"

Nililia, na safari hiyo haikuwa vitunguu.

Asubuhi nilisema yote mbele ya daktari. Nilingoja anifokee. Yeye alivuta kiti karibu na baba, akamwambia kwamba wengi wanaodhaniwa kuwa na damu sugu, isiyosikia aspirini, hawana usugu wowote. Kidonge tu hakijafika tumboni. "Mzee, hii si ya maumivu. Unaimeza hata siku usiyoumwa popote." Dawa kali ikawekwa kando, akaongezewa nyingine ya kupunguza mbano wa kifua. Siku kumi baba alimeza aspirini yake mbele ya shangazi, ambaye hakubanduka mpaka aonyeshwe ulimi. Alipochomwa tena, damu ilichukua muda wake.

Tulipokuwa tunatoka, baba alinishika mkono. "Binti yangu," alisema taratibu, "siku ile uliposema kila asubuhi, niliogopa. Mimi nilishindwa kusema kwa aibu. Nilikuwa nakungoja wewe unisemee."

Alikuwa ananingoja, mwanangu! Nami nilidhani ameshukuru kwa kufichiwa. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na neno hilo bado linaniuma.

Basi wewe unayempeleka mzazi hospitali, sikia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilimsaidia baba kuficha. Mwambie daktari kweli yote: kidonge kilichomezwa, kilichogawiwa, kilichotemwa kwa kuwa kinachoma tumbo, na dawa nyingine za sokoni zinazomezwa pamoja nacho. Wapo ambao kweli dawa haiwafanyii kazi, na daktari hatawatambua iwapo sisi tunamdanganya. Kumheshimu mzazi ni pamoja na kumsemea lile linalomshinda kulisema.

Mungu akupe ujasiri wa kusema kweli mbele ya unaowaheshimu, awape wazazi wako umri mrefu, na kila mara watoke hospitali kwa miguu yao, wewe umewashika mkono. Amina.