Mashine Iliyozunguka Kabla ya Kugusa

Nimefanya kazi ya kupima udongo kwa muda mrefu, kiasi cha kumdharau karibu kila mkulima niliyekutana naye kati ya Kathonzweni na Kyuso. Kazi yenyewe si ngumu. Unazunguka shamba zima, unachimba vishimo kama ishirini huku na huku, unachanganya udongo wote kwenye ndoo, kisha unatia vikombe viwili hivi katika mfuko wa kaki na kuupeleka maabara. Watu hawawezi. Wanadhani udongo unakwenda kufanya mtihani. Mzee mmoja wa Zombe aliniletea udongo mweusi wa zizini, ameuchekecha kwa chekeche ya unga na kutoa hata vijizizi, halafu akaniuliza kama umepita. Mama mwingine alichota wa jirani kwa sababu wake ulimtia aibu. Niliwasimulia wenzangu ofisini wiki nzima, nikiigiza na sauti zao.

Kwa hiyo siku runinga ya hoteli moja pale Kyuso ilipoonyesha chombo kilichorudisha udongo kutoka angani, wanywaji chai wote walinigeukia mimi. Mtangazaji alieleza kwamba udongo huo ulitoka kwenye asteroidi, yaani jiwe kubwa kama kilima ambalo limekuwa likizunguka jua tangu enzi dunia ilipokuwa ikiumbika. Chombo kililifuata kwa miaka. Kilipolifikia hakikugusa kitu. Kililizunguka mwaka mzima na zaidi kikilipiga picha na kulipima, kwa kuwa wataalamu walitarajia mchanga laini wakakuta mawe matupu, ikabidi watafute kipande kidogo kisicho na hatari. Ndipo kikagusa kwa sekunde chache, kikachota, kikaondoka. Kilichota udongo mwingi hata changarawe zikazuia kifuniko kisifunge.

Mimi nikasema hao watu wanapenda kuhangaika. Mito yetu imejaa mchanga, malori yanaubeba kila siku, na wao wamekwenda kuufuata huko juu. Kuzunguka mwaka mzima kwa ajili ya kopo moja la changarawe? Mimi ningechimba asubuhi na mchana nikawa nimesharudi kula. Hoteli nzima ilicheka, na nilikipenda sana kile kicheko.

Nilitoka hapo nikaenda kwa mama yangu, anayeishi karibu na soko, kuangalia ndengu zake. Ndizo anazokula na ndizo anazouza. Hana shamba jingine. Zilikuwa za manjano na fupi, na huo ulikuwa msimu wa pili wa hali hiyo. Nilimwambia amechelewa kupanda. Nilimwambia pia palizi yake ni ya mzaha. Juu ya meza, ukutani, ilining'inia ile karatasi ya majibu ya udongo niliyomletea mwenyewe kabla ya misimu hiyo miwili, ameivika plastiki isiingie vumbi. Ilisema udongo wake umeshiba, asiongeze samadi.

Alinipakulia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nami nikala huku nikimsimulia habari za ile mashine ya angani, nikitumaini naye atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo mashini ilizunguka kwanza?" akauliza.

"Mwaka mzima, Mwaitu," nikamjibu mama.

"Na ilikuwa inaenda kuchukua kidogo tu?"

"Kidogo tu."

Aliweka sufuria chini. "Wewe hukuzunguka. Ulichimba pale kwa mlango ya mbuzi, mara tatu, ukakuja kula."

Ni kweli. Siku ile jua lilikuwa kali, na pale mlangoni pa zizi palikuwa na kivuli, mahali mbuzi wamelala na kuacha samadi tangu nikiwa mtoto. Nyani haoni kundule. Yule mzee wa Zombe angalau alichekecha wake. Mama alikuwa ameitii karatasi yangu misimu yote miwili. Samadi yake yote alimpa jirani, ambaye ndengu zake zilikuwa za kijani kibichi ng'ambo tu ya ua. Na wanawake wa kanisani walipoicheka karatasi, yeye aliitetea. Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nichapwe shuleni.

Nikamuuliza, kwa hasira ya mtu aliyekamatwa, kwa nini basi aliifuata ilhali aliniona.

"Wewe ndiye umesoma," alisema. "Nilifikiri mtu amesoma anajua shamba yote akisimama tu hapo."

Nilichukua ndoo na jembe, nikatoka lile jua likiwa utosini. Nilianzia chini kabisa, karibu na korongo. Udongo wa huko ulikuwa mweupe, mwepesi, umechoka, haushikani hata ukiufinyanga mkononi. Nilizaliwa kwenye shamba hilo na sikuwa nimewahi kuinama pale. Mama alisimama ukingoni na leso yake kichwani, akihesabu vishimo kwa sauti. Baada ya cha tisa nilinyoosha mgongo, nikaanza kuchanganya.

"Bado," alisema, nami nikainama tena.