Shokomzoba Isiyorudi

Nina hasira za karibu, sina haja ya kuficha. Mama alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Hapa mtaani Mbotela nimeshapigana kwa sababu ya foleni ya maji, kwa sababu ya kamba ya kuanikia nguo, na mara moja kwa sababu ya kuku ambaye hata hakuwa wangu. Kwa hiyo nilipojinunulia gari, watu wangu walijua limekuja na vita.

Lilikuwa gari la michezo la Kijapani, kuukuu, la milango miwili, limekaa chini kiasi kwamba ukiwa ndani unaona magoti ya watu. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amekata springi ili lizidi kuinama. Kila tuta la Jogoo Road lilikwaruza tumbo lake. Shokomzoba za nyuma, zile za kuzuia mtikisiko, ndizo zilikuwa zimekwisha kabisa. Ukiingia shimo moja, gari lilirukaruka mpaka shimo la pili. Nililipenda hivyo hivyo. Mke wangu alisema nimeoa mke wa pili, na huyu wa pili anakula kumshinda.

Fundi wangu ana karakana ya jua kali kando ya barabara huko Kariobangi, na yeye ndiye aliyenieleza njia nilizokuwa nazo. Kulikuwa na shokomzoba mpya za gesi katika maduka ya mjini, ambazo ningezinunua kisha nihamie ndani ya gari kwa kukosa kodi ya nyumba. Kulikuwa na mitumba ya Japani, iliyofunguliwa kutoka kwa magari yaliyokatwakatwa. Halafu kulikuwa na zile zilizokufa, zikatobolewa, zikajazwa mafuta, zikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi ili zionekane mtumba safi.

"Ukiniletea hizo za kuchomelewa nitakufukuza hapa na gari lako," aliniambia. "Wiki mbili tu, zimekufa tena."

Kipimo nilikijua mwenyewe, kama kila mtu anayezurura kwenye karakana zetu. Unaisimamisha chini, unaisukuma kwa kiganja mpaka ishuke yote, unaachilia. Ikirudi yenyewe, nunua. Isiporudi, imekufa.

Nilizipata mtaa wa Shauri Moyo, kwa mzee mmoja mwembamba aliyetandaza vipuri vyake juu ya gunia kando ya njia. Alikuwa mtu wa magharibi mwa nchi, mpole, anayekuita kijana wangu hata kama ndevu zako zina mvi. Alizivuta na kuzikandamiza mbele yangu, akasema kitu kuhusu mafuta na gesi. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeng'ang'ana na bei, na aliposhuka mara ya tatu nikalipa haraka kabla hajabadili nia.

"Raba zake za kufungia nimeziacha nyumbani," akasema nilipomtajia karakana ya fundi wangu. "Kesho nitakuletea huko huko kwa fundi wako."

Kesho yake mchana nilikuwa karakanani. Fundi alikuwa amelala chini ya gari la mtu mwingine. Nikasimamisha shokomzoba moja kwenye saruji, nikaisukuma, nikaachilia. Ikabaki chini. Nikasukuma ya pili. Nayo ikabaki chini. Damu ilinipanda kichwani. Nikainua macho, nikamwona yule mzee anavuka barabara, mfuko mweusi mkononi, anatabasamu.

Hapo ndipo nilipopaswa kujiuliza ni tapeli gani humfuata mtu aliyemtapeli. Sikujiuliza. Nilimkaba shingo.

"Ngoja nikuonyeshe, kijana wangu, hizi ni za—"

Nikampiga mdomoni. Akayumba, akaona ngumi nyingine inakuja, akageuka na kukimbia. Nami nikapaza sauti nyuma yake: "Mwizi!"

Neno hilo kwetu ni la utani pia. Rafiki akikuuzia sukuma wiki ghali unamwambia wewe mwizi sana, mnacheka. Lakini likirushwa nyuma ya mtu anayekimbia, hakuna anayeuliza ameiba nini. Hilo nililijua tangu sijaanza shule.

Hakufika mbali. Mwendesha boda boda alimkata njia, na waliokuwa wanachomelea mageti wakaja na vyuma vyao mkononi. Nilisikia pigo la kwanza, sauti ya chuma kwenye mfupa, kisha sikuweza kuyatofautisha tena. Kiatu chake kimoja kilitoka kwenye umati peke yake. Mtu alichukua tairi kuukuu kutoka mlangoni mwetu na kuanza kuliviringisha kuelekea huko. Nami nilikuwa nimesimama, nikifurahi. Ninaandika hili kwa aibu, lakini nilifurahi.

Fundi alitoka chini ya gari akiuliza kelele ni za nini. Nilimwonyesha shokomzoba zikiwa zimelala chini. Akaichukua moja, akaivuta juu, akaikandamiza polepole, akanishika mkono na kunilazimisha nijaribu. Ilikuwa nzito kwenda na nzito kurudi.

"Hii ni ya mafuta, wewe! Ya gesi ndiyo hurudi yenyewe. Ya mafuta unaivuta. Hii ni nzima kuliko mimi." Kisha akatazama barabarani. "Umemwita nani mwizi?"

Nilikimbia. Niliwavuta watu mashati nikilia, "Si mwizi! Nimekosea mimi!"

"Na wewe ni nani yake?" mmoja akauliza.

"Huyu ni mwenzake! Wako pamoja!" mwingine akajibu kwa niaba yangu.

Chuma kilinipata mbavuni. Nilimwangukia yule mzee nikamfunika, na jino langu la mbele likabaki palepale Kariobangi. Chini yangu alikuwa akikoroma kwa damu. Nikasikia harufu ya petroli, nikajua tutakufa wawili kwa neno langu moja.

Fundi ndiye aliyetuokoa. Aliingia katikati ameshika nyundo yake kubwa, mtu ambaye wote pale wamewahi kumkopa spana. "Tairi hilo ni langu," akasema. "Na mzee ni mgeni wangu. Anayetaka kuwasha aanze na mimi." Walisimama kidogo, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, wakinung'unika.

Tulimbeba hadi hospitalini. Taya lilikuwa limevunjika, na vidole viwili. Ule mfuko hakuwa ameuachilia. Ndani mlikuwa na zile raba mbili, zimeoshwa kwa sabuni.

Zilifungwa kwenye gari pamoja na shokomzoba zake, na gari sasa linapita matuta bila neno. Wiki kadhaa baadaye nilibeba sukari, mkate na unga, nikaenda nyumbani kwake Shauri Moyo kuomba msamaha. Mzee alikuwa ameketi nje ya mlango, meno yamefungwa kwa waya ili taya liunge. Kabla sijapiga magoti, mkewe akatoka na mwiko mkononi, akalitazama pengo langu la jino.

"Baba, huyu ndiye yule aliyekuitia mwizi?"

Wanawake waliokuwa mferejini waliacha kuchota maji. Vijana wanne waliokuwa wakicheza karata ukutani wakasimama. Nyuma yangu hapakuwa na njia. Nilijua hesabu ya jambo hili kuliko mtu yeyote pale: neno moja lingetosha.

Mzee alimwashiria mkewe ashushe mwiko.

"Hapana," akasema kupitia waya. "Huyu ni kastoma. Alinunua shokomzoba kwangu. Amekuja kuniambia zinaendaje."

"Zinaendaje?" mkewe akaniuliza.

"Vizuri, mama."

"Basi karibu chai."

Nikaingia. Mama alinitilia sukari niliyoleta, vijiko vitatu, akanisukumia kikombe. Mumewe alipewa yake na mrija, akaipuliza, akaanza kuivuta taratibu kati ya meno yaliyofungwa, akiningoja nami ninywe.