Hata Sisi Wanatuchukua

Jambo la mwisho la kawaida tulilofanya mimi na marehemu mke wangu ni kutembea kutoka stesheni ya metro hadi chuo alikokuwa ameanza kusoma hapa Dubai. Darasani mwao Waafrika walikuwa wawili tu.

Mlinzi wa getini, Mkenya mwenzetu, alimwonyesha upande wa nyuma. "Dada, watu wa usafi hupitia kule. Yalla, haraka, kabla supavaiza hajakuona."

"Mimi ni mwanafunzi, kaka."

Akacheka. "Na mimi ni profesa."

Mke wangu akampa kitambulisho. Akakishika kwa mikono miwili, akakisoma, akamtazama.

"Kumbe hata sisi wanatuchukua?"

"Wanatuchukua. Una cheti cha sekondari?"

"Ninacho, kimelala tu sandukuni."

"Kesho uje nacho, nitakupeleka ofisini."

Sikumwona mbaguzi. Alizoea kuona weusi wakipita nyuma, naye akiwa mmoja wao.

Jioni hiyo moyo wa mke wangu ulisimama.

Asubuhi nilikwenda chuoni kutoa taarifa. Mlinzi alisimama getini bila sare, cheti mkononi, akimtafuta kwa macho yule dada wa jana nyuma yangu. Nilipomweleza, alinipa pole, akageuka aondoke. Nikamshika mkono, nikampeleka ofisini mimi mwenyewe.