Mti Mweusi wa Babu Uliokuwa Uchomwe Jumapili

Nilitoka Migori Alhamisi asubuhi kwa sababu shangazi yangu alikuwa na kiberiti tayari. Babu alipofariki, wengine waliachiwa ng'ombe, wengine shamba. Mimi niliachiwa kipande cha mti mweusi, urefu wa mkono wangu, kilichochongwa vimistari vya mshazari. Katikati kilikuwa na michubuko minane, na ncha moja ilikuwa imebonyea. Hakusema ni cha kazi gani.

Shangazi Rispa, binti mkubwa wa babu na kiongozi wa akina mama kanisani, alishakata shauri. "Hiyo ni kitu ya uganga," akaniambia. "Jumapili tukitoka kanisa, inaingia moto."

Hapo nikakasirika kweli. Babu niliyemjua mimi alikuwa mtu wa chai yenye sukari nyingi na wa kumaliza viatu. Kile cha kulia kilitoboka kidoleni kila mara, shangazi, aliyekuwa akimnunulia, akamgombeza hadi akachoka. Leo aitwe mganga na mwanawe wa kumzaa, naye yuko kaburini hawezi kujitetea? Nikaufunga mti kwa leso, nikamwambia nitarudi na jibu kabla ya Jumapili.

"Enda," akasema. "Lakini usiniletee mwenzake."

Kufika Karungu, jua lilikuwa limeshapanda na wavuvi wanakunja nyavu. Nilianzia huko kwa kuwa babu aliishi huko ufukweni mwa ziwa ujanani, nikajua tu nimebeba kipande cha mashua. Odhiambo, fundi wa mashua, aliugeuzageuza, akaunusa, akacheka.

"Dada, hii mti haijawahi kuguza maji. Na huyu mtu aliitunza kuliko bibi yake."

Wenzake wakaja, kila mtu na lake: mguu wa kitanda, mpini, kijiti cha kutundikia makoti. Nilicheka nao, ingawa moyoni nilikuwa nimeishiwa matumaini. Karungu ndiyo niliyoitegemea.

Mama Akinyi, aliyekuwa akikaanga samaki aina ya ngege pembeni, aliniita nile kwanza, maana huzuni haishibishi. Nilikula mpaka nikalamba vidole. Kisha akafuta mafuta mikononi na kupapasa ile ncha iliyobonyea.

"Hapa pamegongwa na chuma, mahali pamoja, mara nyingi sana. Nimeona kitu kama hii kwa matanga. Enda Rodi Kopany, uliza Ouko wa bucha. Huyo anapiga nyatiti."

Ijumaa nikapitia Ndhiwa hadi Rodi Kopany. Ouko sikuhitaji kumuulizia kwa mtu. Nilimsikia kabla ya kumwona, akijisifu kwa wimbo huku akikata mbavu za ng'ombe. Nilipofungua leso aliukatiza wimbo. Akaweka kisu chini, akanawa mikono.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Babu yangu."

"Pole sana. Ngoja."

Akatoka chumba cha nyuma na nyatiti yake, kinanda chetu cha Waluo. Juu kabisa palikuwa na mti uliokaa kama wangu, umefungiwa nyuzi nane. Michubuko yangu minane ilikuwa ni mahali pa nyuzi hizo. Kisha Ouko akavua kiatu cha kulia, akavaa pete nzito ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaulaza mti wangu sakafuni na kugonga ncha ile iliyobonyea. Pete ikaingia mle kama yai kwenye kiota.

"Mkono unapiga nyuzi, mguu unapiga mti," akasema. "Na babu yako alikuwa na mguu, si mchezo."

Nililia na kucheka palepale mbele ya wateja wa nyama. Nikamuuliza kwa nini basi babu alituficha.

"Pengine alipookoka aliambiwa aache. Wengi walichoma zote. Yeye hii ilimshinda." Akanipa pete yake ya zamani. "Mpelekee shangazi aone. Lakini mwambie wanawake hawapigi."

Jumamosi nikarudi Migori. Shangazi alikuwa anapiga pasi nguo za kanisani. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho. "Muziki ya matanga," akasema tu.

Nikakaa sakafuni, nikavaa pete, nikagonga mti. Nikagonga tena. Shangazi akaiweka pasi kando.

"Sivyo," akasema. "Unaharibu."

Akavua kiatu. Akakaa chini na rinda lake, akanipokonya pete, akagonga: mbili za haraka, moja nzito, kisha kimya kidogo, kisha tena. Hakukosea hata mara moja.

"Hivi ndio baba alikuwa anagonga sakafu ya kanisa, wimbo ukianza. Nilikuwa namkanyaga aache." Mguu ukasimama. "Viatu vyake," akasema polepole. "Nyathina, mwanangu, vile viatu vyake."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikamshika bega, tukakaa vile hadi pasi ikapoa.

Nimejifunza kwamba unaweza kumnunulia mtu viatu miaka yote na usijue kwamba anapiga muziki. Jumapili moto uliwashwa kweli, lakini wa chai, yenye sukari nyingi. Mti uko ukutani kwa shangazi, na kila jioni huuteremsha akavua kiatu. Ujumbe wa Ouko bado sijaufikisha.