Mistari ya Makoye

Makoye alikuwa na kiburi kimoja tu, nacho kilionekana tangu barabarani: mistari ya plau yake. Alihamia Butiama kutoka Bunda na ng'ombe wawili wa kulimia na mbegu za pamba, akaulima mteremko kutoka juu moja kwa moja hadi chini, mistari imenyooka kama uzi wa fundi mwashi. Wapita njia walisimama kutazama. Mkewe, Nyangi, ndiye aliyewaongoza ng'ombe, na yeye naye alijivuna, asikudanganye mtu.

Makoye alipofariki walimzika chini ya shamba, karibu na nyumba. Mvua haikujali msiba. Maji yaliifuata ile mistari mizuri mbio, yakachimba korongo kule bondeni, na kila masika korongo likasogea juu likila ardhi, hadi likabaki hatua chache tu lifike kaburini. Nyangi alikosa raha. Aliogopa asubuhi moja ataamka akute mumewe amesombwa.

Msimu huo alikwenda Musoma kumtazama binti yake Tabitha, anayeishi Nyakato. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa. Walipofika ufukweni kununua samaki, Nyangi alikuta ziwa limekuwa jekundu hadi mbali.

"Mama, mvua ikipigaga huko kwenu, linakuwaga hivi," Tabitha alisema.

Nyangi aliduwaa. Yeye alikuja kwa basi, na bado udongo wa kwao ulikuwa umemtangulia mjini. Samaki akawasahau.

Aliporudi alimwita Clementi, mdogo wa marehemu, aje na ng'ombe alime kukingama mteremko, matuta yayazuie maji.

"Shemeji, kaka alikuwaga fundi. Mistari yake niivunje mimi?"

"Uivunje. Ama sivyo, uje na jembe umfukue tumhamishe."

Clementi aligeuza ng'ombe, uso ameukunja siku nzima. Walipomaliza wakabeba mawe ya mlimani, wakayapanga ndani ya korongo, kuta fupi fupi, mgongo ukimuuma kila mmoja kwa zamu yake.

Mvua ilishuka mchana, ile ya kishindo. Kwa jirani maji yalipita yakinguruma. Kwa Nyangi yalifika kwenye tuta la kwanza yakasimama, yakatulia, yakazama. Yaliyozidi yakaenda tuta la pili, nalo likayapokea. Nyangi alisimama uani akilowa, mdomo wazi. Miaka yote aliyoishi hapo hakujua kwamba ardhi ina kiu kiasi kile. Mlima mzima ulikuwa unakunywa, na alihisi hofu tamu, ya mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Mvua ilipokatika, yeye na Clementi walishuka korongoni. Yale maji machache yaliyopenya yalikuwa yamegonga mawe na kutua mzigo. Tope laini lilikuwa limejaa nyuma ya kila ukuta, na ukuta wa juu kabisa ulikuwa umejaa hadi ukingoni, miguuni pa kaburi. Nyangi aliinama akachota. Ndani yake mlikuwa na changarawe nyeupe, zile zinazopatikana kileleni peke yake, pale Makoye alipokuwa akianzia mstari wake wa kwanza.

Machozi yalimtoka bila aibu. Aliuweka ule udongo juu ya kaburi, akaukandamiza kwa kiganja.

"Baba Tabitha," alisema, "shamba lako limekufuata."

Clementi akavua kofia.