Maji ya Samaki wa Bwana

Nilikuwa nachambua mboga ya mrenda mlangoni pa jikoni, mume wangu akapaza sauti, "Mama watoto, debe la maji ya samaki liko wapi?"

Mzungu aliyetuachia nyumba hii ya serikali baada ya uhuru aliacha pia tangi la vioo, samaki wawili wa baharini na matumbawe yaliyoota ukungu. Mume wangu aliapa kulifufua, isije ikasemwa Mwafrika ameshindwa hata na samaki. Maji yao hutoka Mombasa kwa treni hadi Kisumu, kisha kwa basi. Yetu nayachota kisimani.

Mama mkwe aligeuka kutoka mekoni. "Lile la pembeni? Nimepikia ingokho. Mengine nimeoshea sufuria."

"Mama! Hayo ni ya bahari!"

"Nilionja. Ndiyo maana sikutia chumvi."

"Leo ndiyo siku ya kuwabadilishia! Watakufa!"

"Wakifa, baba, si tutawakaanga?"

Mume wangu alifunua sufuria, akaitazama supu ya kuku kama mtu anayetafuta jinsi ya kuichuja. Mama yake akampokonya kifuniko. Ikabidi samaki wangoje treni nyingine ndani ya maji yao machafu, kama sisi tunavyongoja mfereji tulioahidiwa.

Nilipakua. Hakuna aliyeomba chumvi. Nikahesabu: watoto watano, mama mkwe, mimi. Mume wangu alibeba sahani yake akaenda kuchuchumaa mbele ya tangi la samaki.

"Wote wawili wapo," akatangaza.

Basi tukala.