Kidole Nilichomnyooshea Karanja

Siku ile naikumbuka, mwanangu, kwa sababu ya vumbi jeupe lililokuwa kwenye nyusi za kaka yangu Karanja. Alikuwa mchimbaji wa ule udongo mweupe wa Kariandusi, na hata aoge namna gani, weupe ulibaki. Wewe umerudi kutoka mjini umenuna kwa sababu wale watu wa mchezo wa kuigiza wamekuambia watakupigia, na hujui ni lini. Weka hiyo simu kando. Mimi niliwahi kuitwa mara ya pili, na laiti nisingeitwa.

Tulikaa kwenye laini, zile nyumba za mstari za wafanyakazi, katika shamba la mzungu upande wa Elmenteita. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Mikono ilikuwa inachuma maua ya pareto, lakini kichwa kilikuwa kwenye sinema. Gari la sinema lilikuja mara moja moja, wakatundika shuka kwenye ukuta wa ghala, na kesho yake niliigiza kila mtu, kuanzia daktari hadi mwizi, wanawake wacheke mpaka nyapara aje kutufokea. Watu wa laini waliamini kila walichokiona pale. Mzee mmoja alipokufa kwenye picha, mama yangu hakula, akawa anauliza huyo mzee ni wa ukoo gani. Nilimcheka, nikajiona mjanja.

Basi tukasikia wazungu wa picha wanatafuta wasichana kule Nakuru. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya wazungu ikiwasaka waasi, na Mkikuyu hakutoka shambani bila karatasi. Nilimsumbua karani wa shamba mpaka akaniandikia. Nilikuta wasichana wengi wamepanga foleni ukumbini. Tuliambiwa tutembee na mtungi, tucheke, halafu tulie. Wenzangu walishikwa na haya. Mimi nililia mpaka mkalimani akajipangusa macho. Wakasema nirudi Alhamisi, na nije na mwanamume wa kwetu ambaye simwogopi.

Karanja alikataa kabisa.

"Sura yangu iko kwenye pasi ya serikali, inatosha," alisema. "Sitaki ikae mahali pengine."

Mama naye akaniambia kwamba kulia bila maiti ni kuita maiti. Nikamjibu hayo ni ya watu wa zamani. Unanisikia? Nilimjibu hivyo mama yangu mzazi. Kisha nikamlilia Karanja siku mbili, asubuhi na jioni, mpaka akachoka.

"Haya, twende," akasema. "Lakini wewe unalia vizuri sana. Sijui kama mwenyewe unajua lini ni kweli."

Alhamisi ile wakawaketisha wanaume kumi chini, mikono kichwani. Mimi nilikuwa mjane. Nilitakiwa kupita mbele yao, nisimame kwa yule aliyemuua mume wangu, nimnyooshee kidole na kulia. Wakamchagua Karanja awe muuaji kwa sababu alikuwa na uso mkavu. Sikuuliza picha hiyo ni ya nini, wala itaonyeshwa wapi. Nilichotaka ni wanichague. Mzungu akasema turudie tena, na tena, na mkalimani akawa ananihimiza nisiangalie chini nikinyoosha mkono. Mara sita nilimwonyesha ndugu yangu kwa kidole hiki hapa, na mara ya sita wakanipigia makofi.

Ilipita miezi. Gari la sinema likazunguka na picha yetu, na watu wa laini zetu walicheka kwa sababu walitujua. Lakini wa shamba la pili hawakutujua, na askari nao hawakutujua.

Kulikuwa na desturi ile mbaya ya siku hizo. Watu wanapangwa mstari, analetwa mtu aliyefunikwa gunia, lina matundu mawili ya macho, na akitikisa kichwa mbele yako, wewe ni muasi, umekwisha. Walikuja kwetu asubuhi moja tukielekea kazini. Mwenye gunia akampita Karanja bila kutikisa kichwa. Nikashusha pumzi. Ndipo askari mmoja mgeni akasimama.

"Huyu namjua. Nimemwona kwenye sinema. Mwanamke alimwonyesha, tena akilia."

Nilitoka mstarini mbio. Nikamwambia yule mwanamke ni mimi, na huyu ni kaka yangu, na ulikuwa mchezo tu. Nikapiga magoti kwenye matope, nikalia, mwanangu, kilio ambacho sijawahi kulia kabla wala baada. Askari akaniangalia bila hasira.

"Siku ile ulilia uongo," akasema. "Nitajuaje leo hulii uongo?"

Karanja akapandishwa lori, vumbi lake jeupe bado liko kwenye nyusi.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema. Guu lililovunjika halikuwa langu. Baada ya miaka minne Karanja alirudi kutoka kizuizini akichechemea, na hivyo ndivyo alivyotembea mpaka akafa. Hakunilaumu hata siku moja. Lakini tulipomzika mama, nililia kaburini, naye akanigeukia.

"Kilio hiki ni cha kweli?" akaniuliza polepole.

Sikumkasirikia. Alikuwa na haki ya kuuliza.

Sikukatazi, mwanangu. Kipaji umekitoa kwangu, nakiona, na kinanitisha. Wakikuita tena, nenda. Ila uliza kwanza wanataka kusema nini kwa mdomo wako, na watakisema mbele ya nani wewe ukiwa hupo. Wakikwepa swali hilo, rudi nyumbani, hata kama umepanga foleni toka alfajiri. Usimvute mtu wako kwenye njaa yako kwa machozi. Na machozi yenyewe yatunze kidogo, ili siku utakayoyahitaji kwa kweli, awepo mtu wa kuyaamini.

Sogea sasa nikutemee mate kifuani, kama tulivyobarikiwa sisi. Uso wako upendwe na wanaoujua na wasioujua. Mkono wako ukinyooka, unyooke kumwinua mtu. Na jina la Karanja likae nawe kila wakikuambia ulie.